Injini Imekufa, Trekta Halijafa



Wazee wetu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aghalabu methali hii hutajwa kumliwaza aliyefikwa na hasara, lakini leo twaichukua kwa maana yake ya wazi, maana ya chuma na karakana. Chombo kikiharibika sehemu moja, je, kimekufa chote? Swali hili ndilo linaloamua, katika nyumba nyingi, kama mashine iliyonunuliwa kwa jasho la miaka itaendelea kuilisha familia, au itapakiwa kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu na kupimwa kwa kilo.

Ili kulijibu, wiki hii safu yetu yasafiri mbali, hadi Marekani, kutazama aina ya mashine ambazo baadhi yake zimepita miaka sabini na bado zinalima. Nazo ni matrekta ya mkono, yaani matrekta madogo ya magurudumu mawili ambayo mwenyewe hayapandi, bali hutembea nyuma yake akiwa ameishika mipini. Hatukuyachagua kwa ugeni wake. Tumeyachagua kwa kuwa hayo yanafundisha, kuliko chombo kingine tukijuacho, kwamba mwili wa mashine iliyoundwa vizuri huishi kuliko injini yake. Tena injini ambazo Wamarekani huyafungia leo matrekta hayo ya kale ni za jamii ile ile inayoendesha pampu za maji katika mashamba ya Kilifi na Kwale. Fundisho la huko, basi, lina kazi hapa.

Mpigapicha na pikipiki

Mmoja wa waliozianzisha mashine hizi hakuwa mkulima wala mhunzi. Benjamin Franklin Gravely alikuwa mpigapicha katika jimbo la West Virginia, naye alitaka njia nyepesi ya kulima bustani yake. Alichukua vipande vya pikipiki kuukuu aina ya Indian, akaviunganisha na jembe la kusukumwa kwa mkono, akapata chombo cha gurudumu moja kinachojiendesha. Mwaka 1916 alipewa hataza ya ubunifu wake, na mwaka 1922 kampuni ikaundwa katika mji wa Dunbar kuzitengeneza mashine hizo kwa wingi. Tazama asili yake: trekta la kwanza la Gravely lenyewe lilizaliwa kwa injini iliyohamishwa kutoka chombo kingine.

Baadaye likaja trekta la magurudumu mawili lililoitwa Modeli L, lililotengenezwa tangu miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1960. Sifa yake kubwa ni kwamba halina mkanda. Nguvu hutoka kwenye injini na kupita katika gia za chuma, zilizozama ndani ya mafuta, hadi kwenye magurudumu na hadi kwenye chombo kinachofungwa mbele: jembe la kuzunguka, kifyekeo cha majani, au msumeno wa nyasi ndefu. Gia zinazooga mafuta safi huchakaa polepole sana. Kampuni ilinunuliwa na Studebaker, watengenezaji wa magari, mwaka 1960. Mwaka 1982 ikaingia mikononi mwa Ariens wa Wisconsin. Wenyewe wamebadilika, lakini matrekta ya kale yamebaki katika mabanda ya wajukuu, gia zake zikiwa nzima.

Kulikuwa pia na David Bradley, trekta la mkono lililouzwa na duka kuu la Sears baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hili lilijengwa kwa njia nyingine. Injini, aghalabu ya Briggs & Stratton au Continental, ilikaa juu ya fremu yake peke yake, na nguvu ikapelekwa kwenye gia kwa mkanda.

Tofauti ya hao wawili ndiyo itakayotuongoza. Penye mkanda, injini ni mgeni aliyekaa barazani. Ukifungua bolti chache na kuuvua mkanda, anaondoka na mwingine anaketi mahali pake. Penye gia tupu, injini ni sehemu ya nyumba. Ile ya Modeli L ilitengenezwa na kiwanda chenyewe na kufungwa moja kwa moja kwenye kasha la gia, hivyo kuibadilisha kwahitaji bamba la chuma la kuunganishia na kazi safi ya fundi wa kukereza. Kabla ya kuuliza injini mpya ni bei gani, uliza kwanza: mashine hii yangu ni ya mkanda au ya gia?

Kwanza tujue kama imekufa kweli

Injini nyingi zinazoitwa maiti zimelala tu. Injini ndogo ya petroli yahitaji mambo matatu: moto wa plagi, petroli safi, na mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, au kompresheni kama mafundi wasemavyo. Kikikosekana kimoja, haiwaki. Vikiwapo vyote vitatu kwa wakati wake, ni nadra isiwake.

Moto. Injini za kale hutumia platini, vile vidoto viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Mashine ikikaa miaka bila kazi, vidoto hivyo hufanya ukungu na umeme haupiti. Vikisafishwa kwa karatasi safi ngumu, na nafasi yake ikawekwa sawa, moto hurejea; katika injini nyingi za Briggs & Stratton na Kohler za zama hizo nafasi hiyo ni inchi 0.020, kama nusu milimita. Kazi hiyo haihitaji injini mpya. Yahitaji saa moja na fundi mwenye subira.

Petroli. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta miezi mingi hukauka na kuacha utando wa kahawia unaoziba vitundu vyembamba kuliko sindano. Kwetu Pwani kuna adui wa pili, nao ni unyevu wa hewa ya bahari, unaolitia kutu tangi kwa ndani. Kabureta ikisafishwa huku tangi lina kutu, baada ya siku mbili tatu imeziba tena, na fundi analaumiwa bure. Safisha tangi kwanza, badilisha mpira wa petroli, kisha ndipo uifungue kabureta.

Mgandamizo. Injini ikivutwa kamba polepole, yapasa mkono uhisi ukinzani inapofika mahali pa kugandamiza. Lakini injini nyingine zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, kwa hivyo ulaini wa kamba peke yake si ushahidi. Afadhali fundi afunge kipimo mahali pa plagi. Kikionyesha upungufu, atie kijiko cha chai cha mafuta ya injini ndani ya silinda na apime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechakaa. Kisipopanda, tatizo li kwenye valvu au gasketi ya kichwa, na hayo ni matengenezo mepesi zaidi.

Akina mama, twawaomba myashike maneno haya matatu. Ukiambiwa injini imekufa, usibishane wala usitoe pesa. Sema kwa upole: "Fundi, nionyeshe moto wa plagi. Nionyeshe petroli inafika. Nionyeshe kipimo cha kompresheni." Fundi mwaminifu atafurahi kukuonyesha. Asiyetaka kuonyesha hajapima.

Kutengeneza au kubadilisha?

Tuseme ringi zimekwisha na silinda imelika. Hapa umbo la injini ndilo litoalo hukumu. Injini za Kohler za mfululizo wa K, zilizofungwa kwenye matrekta mengi ya Marekani, zilikuwa za chuma cha kusubu. Silinda yake yaweza kuchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Pistoni hizo zilitolewa kwa ukubwa uliozidi kwa inchi 0.010, 0.020 na 0.030. Maana yake ni kwamba injini ile ile yaweza kufufuliwa zaidi ya mara moja. Ndiyo sababu wenye matrekta hayo hawaharakishi kuitupa.

Hata hivyo kuna mahali pa kusimama. Konrodi, yaani kile chuma kiunganishacho pistoni na krankishafti, ikikatika na kulitoboa kasha la injini, gharama ya kufufua mara nyingi huzidi thamani. Vivyo hivyo ikiwa vipuri havipatikani tena, au vyapatikana kwa kuagizwa kwa miezi mitatu huku msimu wa mvua hausubiri mtu. Shamba linalolisha watoto si jumba la makumbusho. Katika hali hiyo kubadilisha injini si kuidharau kazi ya waliotangulia. Ndiyo njia ya kuiendeleza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Andika bei ya vipuri vyote, ongeza ujira wa fundi wa kukereza na wa fundi wa kufunga. Mkabala wake andika bei ya injini mpya, kisha ongeza kile ambacho watu wengi hukisahau: puli, mkanda, bamba la kukalia, bolti, na kazi ya kuchomelea. Wengi hulinganisha bei ya matengenezo kamili na bei ya injini tupu dukani, na hapo ndipo rahisi hugeuka ghali.

Vipimo vitano kabla ya kununua

Injini ndogo zinazotumika sana leo kwa kazi hii ni za Honda za mfululizo wa GX, pamoja na zile zilizoigwa umbo lake na kutengenezwa Uchina. Ni nyepesi na imara, na vipuri vyake vyapatikana katika miji mingi, hata yetu. Lakini injini nzuri ikifungwa vibaya huvunja mashine nzuri. Vipimo ni vitano.

Cha kwanza ni unene wa shafti inayotoa nguvu. Injini ya GX160 au GX200 yaweza kuja na shafti ya robo tatu ya inchi, ambayo ni milimita 19.05, au ya milimita 20. Tofauti ni chini ya milimita moja, jicho haliioni, lakini puli ya moja haiingii kwenye nyingine, au huingia ikicheza na kuila shafti. Pima kwa kipimo cha fundi, usikisie.

Cha pili ni mwelekeo wa mzunguko. Injini nyingi ndogo za leo, ukizitazama kutoka upande wa shafti, huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Ikiwa ile ya kale ilizunguka upande mwingine, trekta la gia tupu litarudi nyuma ulipoliamuru kwenda mbele. Iangalie ya kale kabla ya kuing'oa. Baada ya kuuzwa kwa kilo hutaweza kuiuliza.

Cha tatu ni kasi. Injini za leo za aina hii kwa kawaida huwekewa kikomo cha karibu mizunguko 3,600 kwa dakika, na nyingi za kale zilizunguka polepole zaidi. Mfano: ikiwa ya kale ilikwenda 2,400 na ilikuwa na puli ya inchi 3, basi mpya inayokwenda 3,600 yataka puli ya inchi 2 ili mkanda uende kwa mwendo ule ule. Ukiiacha puli ya zamani, trekta litakwenda mara moja na nusu ya mwendo lililoundiwa, na mwenye kutembea nyuma yake atalazimika kukimbia.

Cha nne ni nguvu. Hapa ndipo tamaa huharibu mali. Mtu huona injini ya nguvu ya farasi 13 dukani, akasema kwa nini nisiichukue hiyo? Kwa sababu gia za trekta lake zilikatwa kwa injini ya nguvu ya farasi 5 au 6. Injini kubwa haivunjiki yenyewe. Huvunja gia, na gia za mashine ya kale ndizo zisizopatikana. Nguvu iliyo karibu na ile ya asili ndiyo salama.

Cha tano ni uzito na kimo. Honda GX200 ina uzito wa kilo 16 hivi, na injini ya kale ya chuma cha kusubu ilikuwa nzito mno kuliko hiyo. Uzito huo haukuwa hasara. Ulilikandamiza trekta ardhini lisirukeruke. Ukiupunguza, huenda ukahitaji kufunga chuma cha kulipia pengo. Kimo nacho hupimwa toka kitako cha injini hadi katikati ya shafti, ili mkanda au kiungo kikae kwenye mstari ulionyooka.

Neno la usalama

Kazi ya kuhuisha chombo cha kale isitufanye tusahau kwamba kiliundwa zama ambazo usalama haukutiliwa mkazo kama leo. Matrekta mengi ya zamani hayana kishikio cha kuzima injini mkono unapoachia. Mtu akijikwaa, trekta laendelea. Likiwa kwenye gia ya kurudi nyuma, laweza kumbana mwenyewe kati ya mipini na ukuta au mti. Injini mpya ikifungwa, mwombe fundi apitishe waya wa kuzimia hadi kwenye mpini, na uweke kishikio kinachouzima moto mara mkono unapoondoka. Ni kazi ndogo, nayo yaweza kuokoa mguu au roho.

Puli na mikanda ifunikwe; leso, buibui, kanzu na ushungi havisubiri onyo kabla ya kunaswa. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Petroli isitiwe injini ikiwa moto, na isiwekwe kwenye chupa za soda mahali watoto wanapofika. Na kwa kuwa vitambaa vya klachi na gasketi za zamani huenda vikawa na asbesto, vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu; lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Na sisi wa huku?

Matrekta ya Gravely hatunayo katika vitongoji vyetu, lakini vyombo vyenye umbo hilo tunavyo. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, pawatila zilisambazwa kwa wakulima chini ya mpango wa Kilimo Kwanza uliotangazwa mwaka 2009. Hizo ni injini moja ya dizeli iliyokaa mbele, mkanda, na kasha la gia. Pampu ya maji ya shambani ni injini iliyofungwa kwenye kasha la pampu. Jenereta ya harusini ni injini iliyofungwa kwenye kizalishaji umeme. Yote haya yana mwili na yana injini, na hukumu ya kimoja si hukumu ya kingine.

Mawili ya mwisho kwa aliyekwisha kununua injini mpya. Kwanza, injini nyingi mpya hutoka kiwandani bila mafuta ndani. Zimo zilizokufa siku ya kwanza kwa kuwashwa kavu. GX200 huchukua mafuta ya injini kiasi cha lita 0.6; yabadilishwe baada ya saa 20 za kwanza za kazi au mwezi wa kwanza, kisha kila saa 100 au miezi sita. Injini hizi hazina pampu ya mafuta. Kuna kijiko kidogo kinachoyarusha huku na huku, kwa hivyo yakipungua, au injini ikifanya kazi imelala upande, vyuma hukauka.

Pili, baadhi yake zina kitambuzi kinachozima moto mafuta yanapopungua. Pampu ikizimika ghafla na kukataa kuwaka, fungua kifuniko cha mafuta uangalie kabla ya kumwita mtu. Huenda dawa ni nusu chupa ya mafuta.

Na ile injini ya kale iliyong'olewa, kama haikutoboka, msiikimbize kwa mnunuzi wa chuma. Tieni mafuta kidogo ndani ya silinda, zungusheni mara mbili tatu, funikeni matundu yake, iwekeni mahali pakavu. Kabureta yake, koili yake na hata bolti zake zitakuja kuhitajika, na chuma cha kusubu hakidai chakula.

Wiki ijayo, inshallah, tutaeleza namna ya kuhifadhi mashine katika miezi isiyotumika ili chumvi ya bahari isiile. Hadi hapo, mwenye chombo kilichosimama bandani akifungue kifuniko cha plagi leo, aanze na lile swali la kwanza: moto upo?